Mbuzi Mwenye Mdomo wa Shemeji

Ninyi mliofungua vibanda vya video na simu pale Kasongo, kuanzia sokoni mpaka njia ya kwenda Lualaba, maneno haya ni yenu. Nimewaona. Mteja anasema "rudisha kidogo," nanyi mnavuta ule mstari wa chini ya filamu kwa kidole kama mtu anayefuta meza. Picha inaganda, mteja anaguna, mnamwambia "mashine iko nzito." Mashine haiko nzito. Ninyi ndio wepesi.

Mimi nimestaafu. Msicheke. Nina miaka thelathini na miwili na mtoto mmoja, lakini nimefanya kazi hii miaka kumi na mmoja, na katika mji ambamo ordinateri, yaani kompyuta, ikifikisha miaka miwili inaheshimiwa kama bibi, miaka kumi na mmoja ni uzee. Hakuna aliyenipa cheti wala kiti cha plastiki cha kuagwa nacho. Nimejipa mwenyewe haki moja, ya kusema, na nitawaambia kwa nini filamu haipendi kurudi nyuma. Nililijua jambo hilo tangu mwaka wangu wa kwanza wa kazi, na bado lilikaribia kuninyang'anya nyumba.

Nilimaliza sekondari, sehemu ya ualimu, nikatafuta darasa. Darasa nililopata lilikuwa na watoto themanini na mshahara wa ahadi. Nikaenda kwa Ya Assani. Huyo hakuwa ndugu yangu, lakini kila mtu alimwita Yaya, kaka mkubwa, hata waliomzidi umri. Alikuwa na kibanda cha mbao nyuma ya wauza chumvi, paneli moja ya jua juu ya bati, na ordinateri mbili. Moja ilifanya kazi. Ya pili ilikaa pale kwa heshima ya kibanda.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Mwalimu, filamu ni nini?"

Nikajibu kama nilivyofundishwa kujibu, haraka na bila kufikiri. "Ni picha nyingi zimepangwa, moja nyuma ya ingine, kama kurasa za kitabu."

"Ingekuwa kitabu, kurudi nyuma kungekuwa shida gani? Unafunua tu." Akacheka mpaka akakohoa. "Keti. Kwanza sahau shule."

Akanieleza hivi, na sijasikia mtu mwingine akieleza vizuri zaidi. Tuseme uko Kabambare na mama yako yuko Nyangwe, na kila siku unamwandikia habari za nyumbani. Siku ya kwanza unaandika kila kitu: nyumba iko hapa, mgomba uko pale, mbuzi amefungwa kwenye mgomba. Barua ndefu. Siku ya pili unachoka. Unaandika, "Yote ni kama jana, ila mbuzi amesogea hatua mbili." Siku ya tatu, "Yote ni kama jana, ila mbuzi amelala." Barua fupi, karatasi haiishi. Mama anaelewa, maana alisoma ile ya kwanza. Sasa umpe mtu barua ya tano peke yake. "Yote ni kama jana, ila mbuzi ameamka." Mbuzi gani? Ameamkia wapi? Hajui chochote.

Filamu ni hivyo hivyo. Mara moja moja kuna picha nzima, ambayo ni barua ndefu. Kati ya picha nzima na picha nzima kuna barua fupi nyingi zinazosema tu kilichobadilika. Ukienda mbele, mashine inasoma barua kwa zamu, hakuna taabu. Ukisema "rudisha kidogo," imeangukia barua fupi isiyojua mbuzi yuko wapi. Inabidi itafute nyuma picha nzima ya karibu, ianzie hapo, isome barua zote mbele kimya kimya bila kukuonyesha, mpaka ifike pale ulipotaka. Wewe unaona imeganda. Haijaganda, inasoma.

"Kwa hiyo kurudi nyuma ni kwenda nyuma sana halafu kwenda mbele," nikasema.

"Aksanti, Mwalimu. Umeshapata diploma. Sasa fagia."

Kibanda chetu kilikuwa pia chumba cha mpira. Mechi zilizochezwa tulizipata kwenye kadi, siku mbili tatu baada ya dunia nzima kujua matokeo, na madereva wa pikipiki walikuja kuzitazama wakijifanya hawajui. Goli likiingia walisimama wote, wakafunika televisheni kwa migongo yao wenyewe, kisha wakanigeukia mimi.

"Mama, rudisha goli."

Nikarudisha. Mashine ikaangukia kona iliyopigwa zamani.

"Si hapo. Mbele kidogo."

Nikasogeza mbele kidogo. Goli lilikuwa limeshaingia, wachezaji wanakumbatiana.

"Huyu mama anatuficha goli."

"Yeye ni wa timu ingine."

Mwaka mzima nilitukanwa kwa ajili ya magoli. Ya Assani hakutukanwa hata mara moja, nami nikakaa kumchunguza. Alichofanya ni hiki. Wakisema "rudisha," alirudi nyuma mbali kabisa, makusudi, mpaka kipa anapiga mpira wa kuanzia. Kisha aliacha filamu iende na kuanza kuongea. "Mwangalieni huyu wa kushoto. Mwone anavyotembea, kama mwenye deni sokoni. Mungojee." Watu wanaangalia wa kushoto, wanacheka, na ghafla goli limefika lenyewe, zima, safi. Wakaondoka wakisema Ya Assani ana mashine nzuri. Mashine ilikuwa ile ile.

Andikeni hilo ukutani. Usimrudishe mteja kidogo. Mrudishe mbali, kaa naye, mngojee pamoja.

Najua mtasema siku hizi kuna programu mpya ina mishale miwili, unagonga mara mbili inaruka sekunde kumi. Nimeiona. Mshale huo ni mwongo mwenye adabu. Unaruka mpaka picha nzima iliyo karibu na kukuambia hizo ndizo sekunde kumi, au unafanya kazi yote ile ya kusoma kimya kwa kuwa simu yako ni mpya na ina nguvu. Kuna na programu zinazoonyesha filamu kinyumenyume, maji yakirudi kwenye ndoo. Hizo zinasoma kipande chote mbele kwa siri, zinazishika picha zote kichwani, kisha zinakupa moja moja kuanzia ya mwisho. Kichwa cha ordinateri za kwetu kimejaa filamu za karate na virusi. Zitashika wapi?

Na jingine, kabla sijasahau. Simu inaporekodi, orodha ya mahali ilipo kila picha inaiandika mwisho, ukibonyeza kusimamisha. Batri ikikata kabla, una filamu isiyojua mlango wake uko wapi. Bi harusi mmoja wa njia ya Nyangwe analia mpaka leo kwa sababu hiyo, na mpiga picha alikuwa mimi. Nilimwambia ni virusi. Nawaambia ninyi ukweli kwa sababu yeye hasomi maneno kama haya.

Sasa dhambi yenyewe.

Wachimba dhahabu walipokuja mjini walikuwa na haraka ya watu wanaorudi shimoni kesho. Waliweka kadi ndogo mezani, ukubwa wa kucha ya mtoto, na kusema, "Jaza. Filamu arobaini." Kadi ina nafasi ya kumi. Ukimwambia kumi, anahamia kwa jirani, na jirani anamwambia hamsini.

Ujanja ulikuwa mmoja. Picha nzima ni nzito, barua fupi ni nyepesi. Ukitengeneza filamu upya na kuiambia mashine iweke picha nzima mara chache sana, filamu inakonda. Tuliita kazi hiyo kuifunga filamu njaa. Ukiitazama mbele tu, huoni tofauti kubwa. Nani shimoni anataka kurudi nyuma? Nilikuwa bingwa. Ya Assani aliweka picha nzima kila sekunde chache. Mimi niliweka moja kila dakika kadhaa. Aliponiona alitikisa kichwa.

"Mwalimu, unamwachia mutu barua moja ndefu na fupi elfu. Siku atapotea njia, atarudi kulala wapi?"

"Hawarudi nyuma hawa, Yaya."

"Kila mutu anarudi nyuma. Ni siku tu haijafika."

Nikamwona mzee wa maneno mengi. Na sikufunga njaa filamu za wengine tu. Nilifunga na yangu.

Mume wangu aliitwa Saidi. Mimi mtoto wa misioni, yeye mtoto wa msikiti, nyumbani kwao Kabambare. Tulipomzaa binti yetu Feza, tulimpeleka kwao siku ya akika. Ukoo wa Saidi una desturi yake. Mtoto anatolewa nje, mkubwa wa nyumba anasimama na kuutaja ukoo wote kuanzia mzee wa kwanza, jina kwa jina, mpaka mtoto aliye mikononi mwake. Akitaja jina la mtoto anamwinua juu. Jina likishatajwa mwisho wa mstari ule, halitolewi tena. Ndiyo karatasi yao, ya ofisini ni nyongeza tu.

Mkubwa wa nyumba alikuwa kaka wa Saidi, shemeji yangu Ramazani. Aliutaja ukoo, akamwinua Feza, wanawake wakapiga vigelegele. Nilirekodi yote mwenyewe, saa mbili nzima, na mbuzi wa akika akila pembe ya mkeka. Nikarudi Kasongo. Mchimba mmoja akaja na kadi yake, mashine imejaa, filamu ya mtoto wangu inachukua nafasi. Nikaifunga njaa mpaka mbavu zikaonekana, nikafuta ile ya asili. Nilifuta siku ya mtoto wangu ili mtu aende shimoni na filamu arobaini za kupigana.

Miaka mitatu baadaye shimo liliwaangukia watu wanne. Saidi, naye mchimba dhahabu, alikuwa mmoja wao.

Alituachia nyumba ya matofali Kabambare na michikichi aliyoipanda mwaka alipozaliwa Feza. Nilifunga kibanda changu Kasongo, nikahamia pale na mtoto na ordinateri, kazi ikaendelea kidogo kidogo. Shemeji Ramazani hakusema kitu. Dini yangu haikumsumbua, wala ukoo wangu, wala mimi, mpaka michikichi ilipoanza kuzaa. Mkungu wa kwanza ulipoiva tu, alikumbuka kwamba Feza hakutajwa.

"Mutoto nilimuinua kwa huruma," aliwaambia watu. "Mikono yangu ilimuinua. Kinywa changu hakikusema jina lake. Nilitaja mpaka watoto wangu, nikasimama."

Kama hakutajwa, si wa ukoo. Kama si wa ukoo, nyumba na michikichi vinarudi kwa kaka, na mimi na binti yangu wa miaka saba turudi tulikotoka.

Nikawatafuta waliokuwapo siku ile. Wote walikumbuka wali. Walikumbuka nani alipewa paja na nani alipewa shingo, na wawili karibu wagombane upya. Jina la mtoto hakuna aliyelikumbuka, maana shemeji alikuwa anapita nyumba kwa nyumba mbele yangu akiwasalimia.

Nikasema vizuri. Nina filamu.

Siku ya barza, baraza la shefu la kuamua kesi yetu, niliifunga ordinateri mgongoni kwa kitenge kama mtoto, Feza akanishika mkono, tukaenda. Barza imejaa. Shefu amekaa kwenye kiti chake, sekretere wake pembeni na muhuri, muhuri umekaa juu ya kitambaa chake peke yake kama mgeni. Wazee wa ukoo kwenye benchi. Shemeji Ramazani amevaa kanzu iliyopigwa pasi, anasalimia kila mtu isipokuwa mimi.

"Batri ina nguvu ya muda gani?" aliuliza sekretere.

"Ya kutosha," nikasema. Ilikuwa na nusu saa.

Nikapeleka filamu karibu na mahali penyewe, nikaiacha iende. Yote ilikwenda vizuri. Shemeji kijana kidogo, sauti nzuri, anataja. Wazee wakasogea. Akamaliza na watoto wake. Akafungua kinywa, akainua mikono. Hapo hapo shemeji wa kwenye benchi akashikwa na kikohozi, kikohozi cha mtu aliyemeza mfupa, na simu ya shefu ikalia. Shefu akainama kuitazama. Alipoinua macho, kwenye filamu watu walikuwa wanakaa kungoja wali.

"Ilipita?" akauliza.

"Ilipita, Shefu."

"Sikuona. Rudisha kidogo."

Miaka kumi na mmoja. Nilijua. Mkono wangu ulijua. Lakini nilikuwa na hasira na batri inakwenda, na nilifanya kile ninachowasema ninyi. Nilivuta kidogo.

Picha nzima ya karibu ilikuwa ile ya mbuzi, dakika kadhaa nyuma. Mashine yangu ya zamani haikungoja kusoma barua zote. Ilimchukua mbuzi kutoka picha nzima, ikarukia barua za mahali nilipotaka, ikazibandika juu yake. Barua zinasema, mdomo unafunguka, ndevu zinasogea. Mdomo wa nani? Mashine haijui. Ina mbuzi tu. Mbele ya shefu na wazee wote, kwenye kioo changu, mbuzi wa akika akafungua mdomo wa shemeji Ramazani, akatikisa ndevu za shemeji Ramazani, na kwa sauti nzuri ya shemeji Ramazani akaanza kuutaja ukoo.

Barza ikaanguka. Mzee mmoja alitoka nje kabisa akajishika kwenye nguzo. Hata sekretere alicheka, kisha akatazama muhuri kuona kama umemwona.

Shemeji alisimama. "Mumeona? Mumeona kazi ya huyu mwanamuke? Amenifanya mbuzi. Ile ni montaji, picha za kubandika. Alikuwa na kibanda Kasongo, anatengeneza watu vile anataka. Kama anaweza kuniwekea kichwa cha mbuzi, anashindwa kuniwekea jina kwenye kinywa?"

"Nyamaza tusikie sauti," alisema shefu, akipangusa macho.

Sauti ilikuwa safi. Sauti hairudi nyuma kwa taabu, kila kipande chake kinajitegemea, haijui habari za barua. Tukasikia, "Saidi alizaa," halafu vigelegele. Wanawake wa Kabambare wanajua kupiga vigelegele. Jina lilizama humo kama kisu mtoni.

"Alizaa nini?" alisema shemeji. "Hata ule mbuzi anazaa. Hatukusikia jina."

Nikajaribu kufanya vile alivyonifundisha Ya Assani. Nikarudi mbali, nikangoja. Mashine ikaanza kusoma kimya. Barua fupi elfu, nilizozipanga mwenyewe. Kioo kikabaki na mbuzi. Watu wakaangalia mbuzi. Feza akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, baba mukubwa atatoka lini ndani ya mbuzi?" Na batri ikakata.

Sekretere akachukua kalamu. "Tuandike kwamba chombo hakikuonyesha kitu."

"Usiandike," nikasema.

"Mama Feza, hapa iko barza. Unamwambia sekretere usiandike?"

"Shefu, nipe dakika moja. Huyu bwana amesema mimi ni mwongo na mashine yangu ya uchawi. Nataka wazee wajue tu kwa nini haikurudi. Baada ya hapo muandike munachotaka."

Shefu alikuwa bado na furaha ya mbuzi. "Sema."

Sikuwa na mpango. Nawaambia hivyo kwa sababu sasa watu wanasema Mama Feza ana akili ya nyoka. Nilikuwa nataka kutetea kazi yangu, basi. Nikamgeukia shemeji. Kuna kitu kimoja duniani anachojivunia kuliko kanzu.

"Shemeji, unaujua ukoo wenu?"

"Kuuliza gani huko? Hakuna anayeujua kama mimi."

"Nani yuko mbele ya Sumaili, nani alimzaa?"

Akafumba macho. Midomo ikaanza kwenda, bila sauti, haraka. Kidole kinagonga goti. Tukangoja. "Lukogo," akasema.

"Wazee, mumeona midomo? Alitoka wapi?"

"Alianza kwa Mulenda," alisema yule mzee aliyekuwa kwenye nguzo, sasa amerudi. "Nilisoma midomo."

"Na nani yuko mbele ya Kitenge?" akauliza shefu mwenyewe. Mchezo ulikuwa umemwingia.

Macho yakafumba tena, midomo ikaanza tena mwanzoni. Watu wakaanza kucheka, na shemeji akakasirika.

"Munacheka nini? Ukoo hauhesabiwi kama mahindi, unachukua moja hapa moja pale. Ukoo unatoka juu, unashuka. Ukishika katikati, hauko na kitu."

"Aksanti," nikasema. "Ndivyo ilivyo filamu, Shefu. Inatoka juu, inashuka. Ukiishika katikati, haina kitu. Mashine haikukataa kurudi, ilikuwa inasogeza midomo."

"Kweli," alisema shefu. "Nimeelewa. Sijawahi kuelewa kitu cha ordinateri mbele ya leo."

"Lakini yeye anafanya polepole, kama mashine yangu," nikaongeza. Hapo nilikuwa nachokoza tu, kwa hasira. "Nasikia baba yao, marehemu Amisi, alikuwa anautaja wote bila kupumua."

Shemeji Ramazani alivuta kanzu. "Nani amekuambia sipumui vizuri? Kaa usikie."

Akasimama katikati ya barza. Akaweka mkono kifuani, mkono mwingine ukapiga paja, na sauti ile ile ya kwenye filamu ikatoka.

"Mulenda aliyevuka mto alizaa Kitenge wa muguu mumoja. Kitenge wa muguu mumoja alizaa Lukogo mufua chuma. Lukogo alizaa Sumaili asiyecheka. Sumaili alizaa Amisi. Amisi alizaa Ramazani, alizaa Saidi. Ramazani alizaa Juma, alizaa Idi. Saidi alizaa Feza."

Na mikono yake yote miwili ikainuka juu, mitupu, kama imemshika mtoto.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Sekretere akaweka kalamu mezani. Feza alikuwa amesimama kando yangu, amesikia jina lake, akaitika.

"Abe, baba mukubwa."

Mikono ilishuka polepole. "Shefu," alisema shemeji. "Ngoja. Hapo mwisho ulimi uliteleza. Nirudi nyuma kidogo."

"Papa Ramazani," alisema shefu, "kurudi nyuma ni kazi ngumu. Ni wewe umetufundisha."

Sekretere aliandika, muhuri ukashuka kutoka kitambaani. Nyumba ni ya Feza na michikichi ni ya Feza, mimi mlinzi wake mpaka akue. Shemeji aliondoka bila kusalimia mtu, na kwa wiki nzima watoto wa Kabambare wakipita karibu na nyumba yake walilia kama mbuzi. Niliwakataza. Si kwa nguvu nyingi.

Ndiyo maana nimestaafu. Ordinateri nimeiuzia mwalimu mmoja wa hisabati, nakamua mawese, na mawese yanakwenda upande mmoja tu. Ya Assani nilimtumia dumu moja na mwenye pikipiki, pamoja na ujumbe kwamba siku ilifika. Alijibu kwa simu, "Dumu nimepata. Bado hujafagia."

Kwa hiyo ninyi vijana, acheni kuvuta kidole. Mteja akileta siku ya mtoto wake, msiifunge njaa. Wekeni picha nzima mara nyingi, hata kama kadi itajaa, hata kama jirani anaahidi filamu hamsini. Na ile ya asili msiifute. Mchimba dhahabu atapata filamu zingine za kupigana.

Shemeji sasa anakuja, siku za Ijumaa baada ya msikiti. Hajaniomba msamaha na sijamwambia akae. Anakaa mwenyewe uani na kumfundisha Feza ukoo, maana watoto wake wawili wa kiume hawataki kuujua, wanacheza na simu. Mimi naendelea kumenya chikichi nimewapa mgongo. Juzi nilimsikia akimwuliza, "Nani yuko mbele ya Amisi?"

Nikageuka. Binti yangu alikuwa amefumba macho, midomo inakwenda.